Vile vimbegu vinavyotembea ukutani

Kama unakaa Dar, kuanzia Temeke hadi Mbezi Beach, lazima umeshaviona: vimfuko bapa vya kijivu, mithili ya mbegu ya boga, kama sentimita moja, vimening'inia kwenye plasta ya bafuni. Wengi tunavifagia tukidhani ni uchafu. Hebu kikodolee macho dakika mbili. Kichwa cha kahawia kitachungulia, kitavuta, kitaburuta nyumba yake. Ukikigusa kinajificha, kisha kinatokea upande wa pili, maana mfuko uko wazi huku na huku.

Huyo ni kiwavi wa nondo mdogo (si zile za ujenzi, jamani). Anafuma mfuko kwa hariri yake, anabandika mchanga na vumbi kwa nje. Unyevu wa pwani unamfaa sana.

Chakula chake kikubwa ni utando wa zamani wa buibui, wadudu waliokufa, nywele, na sufu akiipata. Hukaa hivyo wiki kama saba, halafu anakibandika kifuko ukutani, anajifungia humo humo wiki mbili hivi, anatoka nondo wa kijivu asiyetisha mtu.

Kwa hiyo usihangaike kununua dawa ya kupuliza. Toa utando wa buibui kwa ufagio mrefu, hasa nyuma ya kabati na juu ya pazia, zoa nywele chini ya kitanda. Vifuko vyenyewe viokote kwa mkono. Ukivifagia tu chini, vitapanda tena kesho.