Pesa unazo, zionyeshe: kutayarisha ushahidi wa pesa za safari ukitokea Kampala

Wengi wanaokuja mezani kwangu hapa Kampala kupanga safari ya kutalii wana pesa. Shida yao ni kwamba pesa hizo hazionekani. Ziko kwenye marobota ya vitenge Kikuubo, ziko kwenye simu, ziko SACCO, na nyingine ziko kwa mdeni wa Arua Park aliyeahidi kulipa Ijumaa. Afisa wa ubalozi anayeamua kama utapata visa haoni hata moja kati ya hizo. Anachoona ni karatasi ulizompelekea, na kwenye karatasi hizo anatafuta majibu ya maswali matatu: pesa hizi ni zako kweli? Zimetoka wapi? Zinatosha safari uliyoieleza? Kiasi chenyewe, amini usiamini, mara nyingi ndicho chepesi kuliko yote.

Ikiwa unavuka Busia au Katuna kwenda kwa majirani wa Kenya au Rwanda na kitambulisho chako cha taifa, unaweza kuacha kusoma hapa. Mwongozo huu ni wa wanaokwenda mbali.

Hatua ya 1: Jua nchi unayokwenda inataka kiasi gani

Usianze na kiwango alichokutajia rafiki. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia visa moja, zinafuata sheria moja ya mipaka inayomtaka mgeni awe na pesa za kujikimu na za kurudi kwao, lakini kila nchi inajipangia kiwango cha siku. Ujerumani hutumia yuro 45 kwa siku, Uholanzi yuro 55. Ubelgiji ni yuro 95 kwa anayelala hotelini na 45 kwa anayelala kwa mwenyeji. Ufaransa ni yuro 65 ukiwa na hoteli uliyoweka, 120 ukiwa huna, na 32.50 ukifikia kwa mwenyeji mwenye cheti cha kupokea mgeni kilichopigwa mhuri na ofisi ya meya wake. Ureno inahesabu yuro 75 za kuingilia, kisha 40 kwa kila siku. Hispania inachukua sehemu ya kumi ya mshahara wa chini wa mwezi kwa kila siku utakayokaa, kwa hiyo mshahara ukipanda, na kiwango kinapanda.

Nje ya Schengen kila mmoja ana utaratibu wake. Thailand inataka baht 20,000 kwa mtalii mmoja. New Zealand inataka dola zake 1,000 kwa kila mwezi, au 400 ikiwa malazi yameshalipwa. Uingereza haitaji kiwango chochote, na hilo huwachanganya watu sana. Inasema tu uwe na pesa za kutosha bila kufanya kazi kule wala kutegemea misaada ya serikali, na afisa ndiye anayepima.

Kabla ya kupeleka maombi, hakikisha kiwango kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, kwa sababu hubadilishwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safari yako, kisha ilinganishe na kipato chako

Chukua mama muuza vitenge anayekwenda Paris siku 10. Akiwa na hoteli, kiwango cha chini ni yuro 650. Bila hoteli ni 1,200. Akifikia kwa dada yake mwenye kile cheti cha meya, ni 325 tu. Tuseme yuro moja ni shilingi 4,200 ili hesabu iwe rahisi: ya kwanza ni shilingi 2,730,000, ya pili 5,040,000, ya tatu 1,365,000.

Umeona? Hata ile kubwa haifiki milioni sita. Halafu kuna watu mjini wanakuuzia huduma ya kukuwekea milioni 30 kwenye akaunti kwa wiki mbili, upate barua ya benki, kisha wazichukue na ada yao juu. Unalipia kitu ambacho hukuhitaji, tena kitu kitakachokuangusha.

Mimi hushauri akaunti ibebe kiwango cha chini mara mbili hivi, mbali na tiketi na hoteli ambazo zimeshalipwa. Zaidi ya hapo kinachopimwa ni uwiano. Mtu ambaye akaunti yake inaingiza shilingi laki nane kwa mwezi, akiomba kutalii wiki tatu katika hoteli za nyota nne, lazima aulizwe nani analipa. Afadhali apunguze siku. Safari ya siku saba inayolingana na kipato chako hueleweka upesi kuliko ya siku 21 inayohitaji kutetewa.

Hatua ya 3: Zipitishe pesa benki mapema

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huchelewa.

Balozi nyingi huomba stetimenti ya benki ya miezi 3 iliyopigwa mhuri; nyingine huomba ya miezi 6. Kwa hiyo ukitaka kusafiri Desemba, akaunti yako inapaswa kuanza kupumua Juni. Si lazima uweke pesa nyingi kwa mkupuo. Weka mauzo ya wiki kila wiki, siku ileile ukiweza, hata kama Jumatano utazitoa kununua mzigo. Afisa akiona pesa zinaingia na kutoka kwa mpangilio, anaiona biashara bila wewe kumweleza. Akiona akaunti iliyolala na salio la shilingi 40,000 kwa miezi mitano, kisha milioni 15 zikaingia siku tisa kabla ya maombi, ameshajua zimeazimwa.

Najua kwa nini wafanyabiashara wetu wanaiepuka benki. Foleni, makato, na ukishazoea simu unaona benki ya nini. Lakini pesa za simu nazo zina historia. Omba stetimenti ya akaunti yako ya simu ya miezi sita kwenye ofisi ya mtandao wako, ikiwezekana yenye mhuri, uiambatanishe na ya benki. Usiitumie peke yake. Kizuri zaidi ni kuhamisha kutoka simu kwenda benki moja kwa moja, bila kutoa taslimu kwa wakala na kwenda kuweka tena kaunta. Utakwepa ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, na muhimu zaidi, stetimenti zote mbili zitaonyesha kiasi kilekile siku ileile. Afisa anafuata mstari kwa kidole kutoka karatasi moja hadi nyingine na hana swali.

Pesa za SACCO pia zinahesabika, mradi upate barua inayotaja hisa, akiba, na kama unaweza kuzitoa wakati wowote. Akiba iliyofungwa mpaka mwaka kesho haiwezi kukulipia chakula Paris.

Hati ya ardhi? Ipeleke, lakini ujue inajibu swali jingine. Inaonyesha una sababu ya kurudi Uganda. Afisa hawezi kuhesabu kiwanja cha Mukono kama matumizi ya safari.

Hatua ya 4: Isome stetimenti yako kwa kalamu kabla afisa hajaisoma

Chapisha stetimenti nzima. Chukua kalamu nyekundu, weka alama kila mahali palipoingia pesa kubwa kuliko kawaida yako. Kisha kaa na mtu mwingine akuhoji. Mimi na wateja wangu huwa hivi:

"Mama, hizi milioni 12 za tarehe 3 ni za nini?"

"Hizo ni za Eid, mwanangu. Wateja wa Goma walichukua marobota mengi."

"Walilipaje?"

"Dola mkononi. Nikabadilisha forex, nikaweka."

"Karatasi ya forex unayo?"

Hapo huanza kupekua mkoba. Mara nyingi karatasi iko, imekunjwa ndani ya daftari la madeni, imefifia wino. Hiyo karatasi ndiyo dhahabu. Ina tarehe, kiasi cha dola, bei ya siku hiyo na jumla ya shilingi, na jumla hiyo ikilingana na mstari wa benki, swali limekwisha. Ipige picha leo kabla wino haujapotea kabisa. Ongeza risiti ya gari la mizigo lililopeleka marobota.

Kisha andika barua fupi ya maelezo, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au lugha inayokubaliwa na ubalozi husika. Usisimulie maisha yako. Kila mstari uwe na tarehe, kiasi, chanzo, na namba ya kiambatanisho. "Tarehe 3, shilingi 12,000,000, mauzo ya vitenge, angalia kiambatanisho cha 4." Inatosha. Pesa ambayo huna karatasi yake, ieleze kwa ukweli kwa sentensi moja na uendelee.

Stetimenti ya kughushi usiiguse. Balozi hupiga simu benki kuhakikisha. Uingereza ikibaini umetumia udanganyifu kwenye maombi, inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na maombi ya nchi nyingine huuliza kama umewahi kukataliwa visa.

Hatua ya 5: Karatasi za kuunga mkono

Mwenye biashara: cheti cha usajili kutoka URSB (ofisi ya kusajili biashara), leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na marejesho ya kodi kutoka URA (mamlaka ya mapato). Mwajiriwa: barua ya mwajiri inayotaja mshahara na likizo, hati za mshahara za miezi mitatu, na stetimenti ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Mshahara ulioandikwa kwenye barua ufanane na ule unaoingia benki baada ya makato. Usipofanana, eleza tofauti.

Kwa Schengen ongeza bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Haihesabiki kama pesa yako, lakini ikikosekana faili haliendi popote.

Hatua ya 6: Kama mtu mwingine anakulipia

Barua ya shemeji aliyeko Brussels inayosema "nitamgharamia kila kitu" haitoshi. Nchi kadhaa zina fomu rasmi ya udhamini ambayo mwenyeji anaijaza kule kwake, anathibitishiwa na mamlaka, kisha anakutumia. Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji wanayo. Pamoja nayo, zipelekwe hati zake za mshahara na kitu kinachoonyesha undugu wenu. Undugu wa kwetu una matawi mengi, na afisa hajui kwamba mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako kabisa. Mchoree: vyeti vya kuzaliwa, majina ya bibi mmoja.

Na bado weka stetimenti yako mwenyewe, hata ikiwa ndogo. Mtu asiyeonyesha chochote chake anaonekana kama asiye na cha kurudia.

Hatua ya 7: Siku ya kusafiri

Visa si ruhusa ya mwisho. Sheria za Schengen zinasema wazi kwamba kuwa na visa peke yake hakukupi haki ya kuingia; afisa wa mpakani anaweza kukuuliza upya. Kwa hiyo nakala za kila kitu ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku lako litakuwa bado linazunguka kwenye mkanda wa mizigo wakati unaulizwa.

Beba pesa kwa namna mbili: taslimu za siku tatu nne za mwanzo, na kadi. Kadi iambie benki yako iifungue kwa matumizi ya nje, kisha ijaribu kwa kununua kitu kidogo mtandaoni kabla ya kwenda Entebbe. Chapisha pia salio la akaunti la wiki ileile, kwa sababu kadi peke yake haisemi ina kiasi gani ndani.

Usibebe kitita kwa kuogopa kadi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inakutaka utangaze taslimu zinazozidi shilingi milioni 30 au thamani yake, na Umoja wa Ulaya unataka utangaze kuanzia yuro 10,000. Kutangaza si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Maswali yanaweza kuanzia Entebbe kwenyewe, hasa kwa vijana wanaokwenda nchi za Ghuba kwa visa ya utalii, kwa kuwa wengi huishia kazini. Jibu kwa ufupi na kwa namba. "Nakaa siku 10, hoteli imelipwa, nina yuro 400 taslimu na kadi, hii hapa stetimenti." Kumbuka pia ni nani analipa na siku ya kurudi, ukijibu tofauti na ulichoandika kwenye fomu, umejifungulia mahojiano mapya. Simu usiifungue kutafuta karatasi, maana intaneti itagoma saa hiyohiyo.

Ukikataliwa

Visa ikikataliwa, ada hairudi, na ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Soma barua ya kukataliwa mpaka sababu iliyowekewa alama. Ikiwa ni kutokuwa na pesa za kutosha, usikimbilie kuongeza salio na kuomba tena wiki inayofuata. Rudi hatua ya 4, tafuta ni mstari gani haukueleweka, na uiache akaunti ifanye kazi miezi mitatu zaidi.

Ukizuiwa mpakani mwa Schengen, utapewa fomu yenye herufi za sababu. Ya pesa ni herufi G. Una haki ya nakala yake na ya kukata rufaa, ingawa rufaa haizuii kurudishwa, na shirika lililokuleta ndilo litakalokupakia tena. Itunze fomu hiyo. Ubalozi mwingine ukikuuliza kama umewahi kurudishwa, jibu ni ndiyo, na unaambatanisha nakala pamoja na stetimenti mpya.