SOMO: Kulinganisha tairi za ol sizoni (all season, za misimu yote), ili usije tena inbox na "kaka ipi nzuri"

Wakuu, habari za mapambano. Kila wiki naulizwa kitu kile kile, mtu anapiga picha tairi mbili dukani hapo mjini anatuma, "kaka ipi nzuri?" Nzuri kwa gari gani, na unapita wapi? Anayekaa Njiro akashinda kwenye lami na anayepandisha Kibosho mwezi wa nne hawana shida moja. Naandika mara moja leo, ukija na swali ambalo limejibiwa humu nakutumia linki tu, tusilaumiane.

Naongelea gari ndogo na za kati, IST, Wish, Noah, RAV4, Harrier na ndugu zao.

Hatua ya 1. Saizi. Ipo ubavuni mwa tairi na kwenye stika ya mlango wa dereva. 195/65R15 unailinganisha na 195/65R15. Basi.

Hatua ya 2. Baada ya saizi kuna kitu kama 91H. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, H ni spidi ya mwisho 210. Najua hufiki 210, tochi za njiani haziruhusu, ila namba ya uzito usishuke chini ya ile gari ilikuja nayo, hasa wenye Noah mnaopakia ukoo mzima Desemba kwenda Rombo.

Hatua ya 3. Umri. Tafuta neno DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu wa tairi, na fundi akiifunga ikatazama ndani huioni, inabidi uchungulie chini ya gari na tochi ya simu. Tairi za mtumba zinapakwa dawa nyeusi zinang'aa kama mpya, usiangalie kung'aa, ikunje kidogo kwa kidole kwenye mifereji uone kama kuna nyufa.

Hatua ya 4. Je ni ol sizoni kweli? M+S ni matope na theluji, lakini mtengenezaji anajiandikia mwenyewe kutokana na muundo wa kashata (vile vitofali vya raba vinavyogusa barabara), hakuna aliyemsimamia mtihani. Ile alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani ndiyo imepimwa, na imepimwa kwenye theluji. Sasa theluji yetu sisi iko Kibo, kileleni Kilimanjaro, na hakuna barabara ya gari ya kwenda kule, kwa hiyo muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya hiyo alama mwambie asante.

Kinachotuumiza huku ni kingine. Gari nyingi zinatoka Japani zikiwa na tairi za baridi, mwenye gari anafurahi "tairi zenyewe bado mpya kabisa". Soma ubavuni, ukikuta neno STUDLESS, au saizi inaishia na herufi Q ambayo ni spidi 160, ujue ile raba imetengenezwa iwe laini kwenye barafu. Jua la Moshi la Februari linaila kama kifutio cha shule, na kwenye lami ya joto iliyolowa inachelewa kushika breki. Usiifananishe na ol sizoni hata kama kashata zake zinapendeza.

Hatua ya 5. Namba za kiwandani. Tairi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Treadwear ni uimara ukilinganisha na tairi ya mfano yenye 100, zinakimbizwa njia moja huko Texas, lakini kampuni yenyewe ndiyo inajipangia namba ya kuandika. Kwa hiyo 500 na 300 za kampuni moja zinalinganishika, 500 ya huyu na 400 ya yule ni porojo. Traction ni AA, A, B, C, hiyo ni breki ya kunyooka kwenye maji tu, kona haimo. Za Ulaya zina stika, angalia ile yenye wingu la mvua, tangu 2021 inaanzia A inaishia E. Kwa masika yetu mimi naanza na hiyo kabla ya bei. Usipoona TREADWEAR usipanike, tairi za theluji na zile za LT (za pikapu na malori madogo) hazilazimiki kuwa nayo.

Hatua ya 6. UPEPO. Hapa tulia usome mara mbili, kwa sababu hapa nilichemka, niliwahi kuponda seti ya watu humu humu kwamba inadunda na ina kelele kumbe fundi alijaza psi 42 (psi ndiyo kipimo cha upepo) na stika ya mlangoni inataka 32. Upepo ukitofautiana huna unacholinganisha, unalinganisha upepo na upepo. Stika za Kijapani zinaandika kwa kipimo kingine, kPa, 220 ni kama psi 32, 230 ni kama 33 na nusu. Pima gari ikiwa imelala, asubuhi, kabla hujatembea. Ukitoka Moshi ukafika Arusha ukapima pale pale tairi ni za moto, geji itasoma juu, fundi atakupunguzia, kesho asubuhi zimelegea. Usipunguze upepo wa tairi ya moto! Nunua geji yako mwenyewe, uitumie hiyo hiyo kwa seti zote mbili, kwa sababu geji za vijiweni kila moja ina ukweli wake. Na ile habari ya "weka 40 ili isiishe haraka" ni uongo, inakula katikati, mguso wa tairi chini unapungua na kwenye maji ndiyo unaanza kuteleza.

Hatua ya 7. Breki kwenye maji. SIYO barabara kuu na daladala iko nyuma yako, tafuta yadi au eneo la lami ambalo halina watu, mfunge mikanda, na kama gari haina ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) hii hatua ruka kabisa. Spidi 50, kanyaga mpaka mwisho, ishikilie hivyo hivyo mpaka isimame, pima kwa futi kamba kutoka alama uliyoanzia. Rudia mara kadhaa uchukue wastani. Sasa mtego wake, umbali wa kusimama unapanda kwa mraba wa spidi. Gari iliyosimama mita 15 kutoka 50, ukiingia nayo 55 inahitaji mita 18, tairi zile zile! Yaani mshale ukizidi kidogo tu umeshaifanya tairi nzuri ionekane mbovu. Tumia spidi ya GPS ya simu, anayesoma awe mwenzako na siyo wewe. Halafu mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiitumie, vumbi na oili vikichanganyika na maji kila tairi inateleza, subiri barabara ioshwe kwanza.

Na kina cha kashata kiwe sawa kwa seti zote mbili. Watu wengi wanatoa tairi vipara wanafunga mpya, wanakuja kushuhudia "hii kampuni moto". Mpya ya kampuni yoyote ya maana itaishinda ya mm 2 kwenye maji. Kama huna seti mbili, tafuta jirani mwenye gari kama yako.

Hatua ya 8. Rafu rodi. Sikiliza kelele, angalia kama changarawe zinang'ang'ania kwenye mifereji, kagua ubavu. Udongo mweusi ukilowa unajaza vile vimstari vyembamba vya ol sizoni na baada ya mita chache una tairi kipara nne, hakuna ol sizoni ya gari ndogo inayoshinda hilo. Kwa mnaopita udongo huo ni A/T (tairi za lami na porini), mkubali kelele na mkubali mafuta kuongezeka kidogo.

Hatua ya 9. Uchakavu. Fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu) KWANZA. Pima kina kwa njiti ya kiberiti na rula, ndani, katikati na nje, andika na kilometa. Ile alama ya TWI, ya kuonyesha tairi imeisha, ni mm 1.6, lakini ukifika 3 masika yanakaribia badilisha.

Maswali karibuni. Soma kwanza.

—

Chalii_wa_Sakina: Mkuu somo zuri ila refu, kwa kifupi ipi nzuri?

Mwandishi: Rudi juu.

Harrier_Nyeupe: nina harrier nataka tairi nzuri bei poa nipo chuga (Arusha)

Mwandishi: Saizi? Unapita wapi? Za sasa hivi ni za mwaka gani? Hatua ya 1 mpaka ya 3 halafu uje.

Harrier_Nyeupe: we si ndo mtaalam bwana sema tu

Mwandishi: Nimesema, karibu maneno elfu yako hapo juu.

MekuOriginal: Hapo kwenye 40 umepotosha. Mimi najaza 40 miaka yote na Wish yangu haina shida yoyote, na tairi zinadumu.

Mwandishi: Meku sijapotosha mtu. Toka nje sasa hivi na njiti, pima katikati na pembeni, leta namba tatu hapa tuzione wote.

MekuOriginal: Katikati 3, pembeni 5 na 5. Ila hiyo ni barabara mbaya.

Mwandishi: Barabara mbaya inajua kuchagua katikati tu? Shusha iwe ya stika.

Mwl_wa_Soweto: Asante kwa somo kaka. Swali la kujifunza tu. Nakaa Moshi, naamka Jumatatu napima 32, naenda Arusha kikazi nalala, asubuhi napima kwa geji ile ile inakuja 32 au karibu. Nilidhani kule juu kuna baridi lazima upungue?

Mwandishi: Mwalimu swali kama hili ndilo linanifanya niendelee kuandika. Geji haipimi upepo wa ndani peke yake, inapima tofauti ya ndani na nje. Moshi uko mita mia nane na kitu, Arusha mita 1400 hivi, hewa ya nje Arusha ni nyepesi zaidi kwa hiyo geji inapanda karibu psi 1. Wakati huo huo baridi inashusha, kila nyuzi 5 au 6 za joto ni kama psi 1. Kimoja kinapandisha kingine kinashusha, unaona 32 yako imekaa. Ukipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, mita 2300 hivi, geji inajiongeza psi moja na kitu juu ya ile ya Arusha, lakini asubuhi ya kule baridi inazirudisha zote. Gari ndogo usihangaike, weka ya stika mahali gari inapolala siku nyingi.

Mwl_wa_Soweto: Aisee nimeelewa. Kumbe ndiyo maana.

DerevaWaTua: Naongezea kwa wenye Land Cruiser. Ndutu mvua zikianza usije na H/T (tairi za lami) ukasema ni ol sizoni, ule udongo haukujui. Na barabara ya kuingia Serengeti mawe yake yanakata ubavu kabla kashata hazijaisha, sisi tunaangalia ubavu wa tairi kuliko hizo treadwear. Spea mbili.

Mwandishi: Mkuu asante. Swali, mnapunguza upepo kwenye tope?

DerevaWaTua: Tunapunguza ndiyo, ila uwe na kompresa ya kurudisha. Ukitoka kwenye tope ukakimbia lami na upepo mdogo tairi inachemka inapasuka. Wengi wanasahau hapo.

Mama_wa_Noah: Kaka shikamoo, sijui kama wewe ni mkubwa. Nina hela ya tairi mbili tu sasa hivi, Noah, nashusha watoto shule Usa River kila siku. Nifunge mbele au nyuma?

Mwandishi: Marahaba dada, japo nahisi tunalingana. Mpya weka NYUMA. Mbele ikiteleza kwenye maji usukani unakuambia, unaachia mafuta gari inarudi. Nyuma ikiteleza gari inageuka na hujapata onyo.

FundiKijiweni: Hapana mkuu. Inavuta mbele, inakata kona mbele, breki kubwa mbele. Wateja wangu wote nawafungia mbele.

Mwandishi: Fundi nakuheshimu, na kwa kuisha haraka uko sahihi, za mbele zinaisha kwanza. Lakini kuisha na kupinduka ni vitu viwili. Hata watengenezaji wa tairi wanashauri mpya ziende nyuma. Azungushe baadaye vina vikikaribiana.

FundiKijiweni: Sawa, ila hizo za mbele zisiwe vipara.

Mwandishi: Hapo tuko pamoja.

NjiroKwetu: Vipi kujaza naitrojeni? Kuna sehemu wananiuzia wanasema haipandi joto.

Mwandishi: Hewa ya kawaida karibu asilimia 78 ni naitrojeni tayari. Inapanda na joto kama upepo mwingine. Hela hiyo nunua geji.

Mama_wa_Noah: Kaka nimerudi, nimefuata ya kuchungulia na tochi. Za mbele ni 2218, za nyuma 3517, spea ni 0814 lakini haijawahi kuguswa, vinundu vya raba bado vipo. Si naweza kuifunga iwe moja ya zile mpya nikanunua moja tu?

Mwandishi: Hapana dada, wiki ya 8 ya mwaka 2014 hiyo. Vinundu vipo lakini raba imeshakauka, na ukiifunga na mpya upande wa pili breki ya maji itavuta gari upande mmoja. Nunua mbili ufunge nyuma, zile 3517 za nyuma zitupe, za 2218 zibaki mbele kama zina kina, pima kwa njiti. Spea ibaki spea, ikufikishe kijiweni taratibu tu, na ukipata hela nyingine anza na hizo za mbele halafu ndiyo spea. Na spea nayo iwekee upepo, wengi wanakutana nayo imelala siku ya pancha.