Somo: Kukunja karatasi kwa Python (lugha ya kuandikia programu), kuanzia kona moja

Shika karatasi kwanza, kompyuta baadaye. Kwenye vipindi vyetu vya Jumamosi hapa Kisumu nimeona aliyekunja kwa mkono hujua programu yake imekosea wapi.

Kata mraba wa sentimita 10. Andika kwenye kona: (0,0), (10,0), (10,10), (0,10). Ilete kona ya (0,0) hadi katikati, (5,5), kisha ukandamize kwa ukucha. Alama iliyobaki ni mstari x + y − 5 = 0. Mstari huo ni kioo, na kila kilichokunjwa ni taswira yake ndani ya kioo. Hilo ukilishika, mengine ni hesabu tu.

Hatua ya 1: Gawa. Weka x na y za kila kona ndani ya ax + by + c, ambayo kwa mstari wetu a = 1, b = 1, c = −5. Jibu likiwa hasi, kona inakunjwa. Likiwa chanya, inabaki. Ukingo unaotoka hasi kwenda chanya ukate kwa uwiano d1/(d1 − d2), ambapo d1 na d2 ni majibu ya ncha zake mbili. Kutoka (0,0) hadi (10,0) tunapata −5 na 5, basi ni nusu: (5,0). Unabaki na pembetatu na umbo la pande tano.

Hatua ya 2: Akisi pembetatu.

```
def kioo(x, y, a, b, c):
    k = 2*(a*x + b*y + c)/(a*a + b*b)
    return x - k*a, y - k*b
```

Jaribu kioo(0, 0, 1, 1, -5). Ukipata (5.0, 5.0), uko sawa.

Hatua ya 3: Panga matabaka. Hapa ndipo wengi hukwama. Weka vipande kwenye orodha, cha chini kwanza. Fungu linalokunjwa hugeuka: kilichokuwa juu kinakuwa chini. Kwa hiyo pindua mpangilio wake kabla ya kuliweka juu ya vilivyobaki.

Kila ukikunja, jumlisha maeneo ya vipande vyote. Lazima yabaki 100, kwa sababu karatasi haipungui.

Maswali

*Mwalimu, mkunjo wa pili umenipa 87.5. Nimekosea wapi?*
Umepoteza pembetatu ile: eneo lake ni 12.5. Bila shaka unakata kipande cha kwanza tu kwenye orodha. Pitia vyote.

*Niko Kakamega. Nitajuaje kama mikunjo inayokutana mahali pamoja itakubali kulala bapa?*
Pima pembe kuizunguka nukta hiyo, iliyo ndani ya karatasi, kisha ujumlishe moja ukiruka moja. Kila fungu lifike nyuzi 180. Pembe 60, 80, 120, 100 zinafaa: 60 + 120, 80 + 100. Pia hesabu mikunjo ya mlima (inayoinuka) na ya bonde (inayozama). Tofauti yake ni 2 daima.

*Mwalimu, nataka ionekane ikijikunja polepole, si kuruka ghafla.*
Ongeza z, yaani kimo juu ya meza. Kuakisi ni sawa na kuzungusha nyuzi 180 kuuzunguka mstari wa mkunjo, basi zungusha 5, 10, 15 hadi ufike. Ukimaliza, jaribu mkunjo wa Koryo Miura wa Japani, uliotumika kwenye paneli za jua za chombo cha angani mwaka 1995. Huo ndio nitakaoleta Jumamosi, njooni na karatasi ya A4.