Kuendesha kituo cha klorini ufukweni mwa Ziwa Kivu

Goma, mashariki mwa Kongo, kama ilivyokuwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji huo kabla nyingi hazijavunjwa mwaka 2025, bomba likikauka watu hushuka ziwani na bidoni, yaani madumu ya plastiki. Ardhi yenyewe ni mwamba wa volkano, hivyo kisima hakichimbiki kirahisi, wala choo. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika hapo, takriban 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kituo cha kutia klorini kwenye bidoni husimamishwa kwa siku moja na kwa fedha kidogo. Kikiendeshwa ovyo, mama anabeba nyumbani maji machafu akiamini ni salama.

Anza na dawa ya klorini ya asilimia moja. Chukua unga wa HTH (hipokloraiti ya kalsiamu) wenye klorini ya asilimia 65 hadi 70, pima gramu 15, yaani kijiko kikubwa kilichosawazishwa, umimine ndani ya lita moja ya maji safi. Unga uingie kwenye maji. Usimwage maji juu ya unga. Vaa glavu, miwani na barakoa, na ufanyie kazi mahali penye upepo. Koroga kwa mti, acha chokaa ituame, kisha tumia maji ya juu tu, kwani ile chokaa huziba bomba la sindano na kipimo kinapotea. Hifadhi dawa kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, chenye kifuniko, na usiitumie ikipita wiki. Ndoo ya chuma huliwa na klorini. Pipa la unga lisikae chumba kimoja na mafuta ya jenereta: vikikutana huweza kuwaka moto.

Sasa tafuta kipimo. Teka ndoo nne za lita 20 palepale watu wanapotekea, si mbali kwenye maji meupe. Tia mililita 2 ya kwanza, 3 ya pili, 4 ya tatu, 5 ya nne, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Koroga, funika, subiri. Hapa ndipo timu nyingi zinazotoka kwingine hukosea. Miongozo mingi inasema dakika 30, lakini maji ya Kivu yana alkali nyingi, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) kwenye maji ya juu ya ziwa ni karibu 9, na klorini kwenye maji ya namna hiyo huua vijidudu polepole. Subiri saa nzima. Kisha pima klorini iliyobaki kwa kidonge cha DPD1, kinachobadili rangi ya maji yenye klorini: maji yakigeuka waridi, linganisha rangi na ile ya kwenye kifaa. Chagua ndoo yenye kipimo kidogo kabisa kilichobakiza klorini kati ya mg 0.4 na mg 1 kwa lita. Rudia jaribio kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa, maana tope hula klorini. Maji yakiwa na tope la kuonekana, yatuamishwe kwanza.

Mtia dawa achungulie ndani ya kila bidoni. Yenye utando wa kijani ukutani haipokei dawa mpaka isuguliwe: kokoto kiganja kimoja, maji kidogo, itikiswe kwa nguvu, isuuzwe mara mbili. Utando huo unaweza kumaliza klorini yote kabla mtu hajafika kwake. Amwambie mwenye maji asinywe kabla ya saa moja.

Familia ya watu sita, kwa lita 15 kwa kila mtu kwa siku, inahitaji lita 90, karibu bidoni tano za lita 20. Panga watia dawa kwa hesabu hiyo. Foleni ikizidi nusu saa, watu watateka pembeni bila dawa.

Kila siku mtu mmoja apite kwenye nyumba kumi na kifaa cha DPD, apime maji yaliyolala. Klorini ikiwa chini ya mg 0.2 kwa lita, ongeza kipimo kituoni au kagua vyombo. Daftari hili ndilo la kumpelekea mfadhili. Ripoti nyingi huhesabu bidoni zilizotiwa dawa, idadi inayopendeza isiyosema lolote kuhusu maji yanayonywewa.

Kwenye bajeti, posho za watia dawa ndizo huanza kukatwa, na vidonge vya DPD ndivyo husahauliwa. Viandikwe kwa mistari yake, kwa miezi sita. Usikubali mradi unaokoma wagonjwa wa kipindupindu wakipungua: kuwapunguza ndiyo kazi ya kituo. Kamati ya kambi na Regideso, shirika la maji la serikali ya Kongo, waketi mezani tangu siku ya kwanza, wakubaliane bomba litafika lini. Kituo kifungwe bomba likishatoa maji kwa wiki mbili mfululizo, likiwa na watu wasiozidi 250 kwa kila mdomo.