Likizo ya familia bila kuugua wala kugombana

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kila msimu wa likizo unapokwisha tunapokea wagonjwa wa aina ile ile: mtoto anayeharisha, aliyeungua na jua, aliyeshikwa na homa njiani. Pembeni yao wapo wazazi waliochoka kuliko walivyokuwa kabla ya kuondoka. Nikiuliza safari ilikwendaje, wengi wanaanza na habari za uchovu: waliondoka usiku bila kulala, wakazunguka mchana kutwa, mtoto akala chakula cha mchana jioni. Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia hapo. Linda usingizi, linda saa za kula, na acha nafasi ya kutofanya chochote.

Panga jambo moja kubwa kwa siku, basi. Kama asubuhi mnakwenda ufukweni, jioni msiweke kitu. Siku ya kwanza isiwe na shughuli yoyote zaidi ya kufika, kula, kuoga na kulala. Nyumbani kwetu kila mmoja huchagua jambo moja analolitamani, hata kitinda mimba, na chaguo lake linaheshimiwa hata kama anataka kuchimba mchanga tu asubuhi nzima. Mtoto anayejua kwamba zamu yake ni kesho huvumilia vizuri zamu ya mwenzake leo.

Saa ya kulala isisogee mbali na ile aliyoizoea mtoto. Mkisafiri hadi sehemu ambako saa ni tofauti, kadirieni siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti, na jueni kwamba kuelekea mashariki kunausumbua mwili kuliko kuelekea magharibi. Watoeni watoto nje wapate mwanga wa mchana, na mle kwa saa za mahali mlipofika tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kufunga mizigo, watu wazima wakae chini wazungumze mambo mawili: pesa na kazi. Kwenye pesa, kubalianeni kiasi cha mwisho cha kutumia na kiasi cha dharura kisichoguswa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa pesa hupasuka mbele ya watoto, kwenye foleni, mchana wa jua kali. Kwenye kazi, andikeni hata zile zisizoonekana: nani anashika hati za kusafiria, nani anakumbuka dawa, nani anachaji simu, nani anajua nguo safi ziko wapi. Mama akitoka nyumbani kwenda kupika, kufua na kutafuta soksi za kila mtu, huyo hajapata likizo, na ninalisema hili kwa uzito kwa sababu ninawaona wakija wodini hawana hata nguvu ya kueleza mtoto ameanza kuumwa lini. Mimi na mume wangu tunagawana siku. Asubuhi yeye ndiye anayeulizwa kila kitu. Baada ya chakula cha mchana ni mimi. Asiye na zamu ana ruhusa ya kulala au kutembea peke yake bila kutoa maelezo.

Mkoba wa dawa ndio ninaouandaa kwa makini kuliko mizigo mingine yote. Siku chache kabla ya safari naumwaga mezani, nasoma tarehe ya mwisho ya kila dawa. Ndani nahakikisha kuna kipimajoto, paracetamol ya maji ya watoto na sirinji yake ya kupimia, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa anayeharisha), plasta, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, kibano cha kutolea miiba, mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya kufukuza mbu. Uzito wa kila mtoto nauandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko, kwa sababu dozi ya paracetamol ya mtoto hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi zipishane kwa saa 4 hadi 6, na zisizidi 4 ndani ya saa 24. Usiku wa manane, mtoto analia kwa homa, hesabu hiyo haimjii mtu kichwani.

Anayetumia dawa kila siku abebe za kutosha na ziada ya siku kadhaa, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, kwenye mkoba wa mkononi. Insulini haiwekwi kwenye mizigo inayopakiwa chini ya ndege, kwani inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena. Kliniki nendeni wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Mkihitaji chanjo ya homa ya manjano, cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Dawa za kuzuia malaria nazo huanzwa kabla ya kuondoka, nyingine siku moja au mbili, nyingine wiki mbili na zaidi, na huendelea kumezwa baada ya kurudi.

Njiani, mtoto anayetapika kwenye gari anateseka kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo huku macho yake yakiangalia simu au kitabu kilichotulia. Mwondolee simu, mpe dirisha, aangalie mbali mbele. Mlishe kidogo kabla ya safari. Tumbo tupu na tumbo lililojaa yote mawili yanamsumbua. Simameni kila baada ya saa mbili hivi, wote mtembee, wazee hasa, kwa kuwa kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Ndege inaposhuka, mtoto mchanga anyonye na mkubwa atafune kitu ili masikio yasiume. Na msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata dakika chache: joto la ndani hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Kwenye bwawa au baharini ndipo ninapokuwa mkali. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Pumzi haimtoshi kuita. Na mahali penye watu wazima wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Sisi tuna kofia moja ya zamu. Aliyeivaa anaangalia maji tu: hana simu, hana kitabu, hapigi soga. Akitaka kuondoka anamvalisha mwingine kichwani na kumtajia majina ya watoto walio majini. Mtoto asiyejua kuogelea awe pale mkono wa mtu mzima unapofika, hata akiwa na boya.

Jua ni kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, basi huo ndio muda wa kivuli na kulala. Mafuta yawe ya SPF (kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, yapakwe upya kila saa mbili na kila mtoto anapotoka majini.

Chakula kiwe cha moto, tunda limenywe na mlaji, mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20. Kuhara kukianza, usisubiri. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe ORS mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa wake 100 hadi 200, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitasaidia mpaka mpate nyingine. Anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakibonyea, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, ni hospitali mara moja.

Ugomvi utatokea tu, na mara nyingi chanzo chake si kile kinachogombaniwa. Kabla ya kuamua nani ana kosa, uliza mara ya mwisho walikula lini, walikunywa maji lini, walilala saa ngapi. Mpe kila mmoja maji na chakula, mkae kivulini, kisha mzungumze.

Rudini nyumbani siku moja kabla ya kazi na shule kuanza. Mtu akipata homa katika wiki zinazofuata, hata akidhani ni mafua, apimwe. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Mwambieni daktari mlikokuwa na tarehe mliyorudi, hata kama hajauliza.