Kindle yako imekuwa nzito? Anzia hapa kabla ya kwenda kwa fundi

Hapa Langoni, Lamu, simu ndizo zinazonipa riziki, lakini siku hizi naletewa pia Kindle na Kobo, vile vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Wimbo ni ule ule: "Fundi, imekuwa nzito." Mara nyingi hata bisibisi haihitajiki.

Hatua ya 1: Jua uzito upi ni wa maumbile. Skrini ya wino wa elektroniki ina vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi ndani ya mafuta. Umeme huzisukuma juu au chini, na safari hiyo huchukua muda. Ukurasa ukipiga weusi mara moja kisha ukatulia, unafuta kivuli cha ukurasa uliopita. Huo si ugonjwa.

Hatua ya 2: Iwashe upya. Kuilaza si kuizima. Kwa Kindle, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 40 hivi.

Hatua ya 3: Angalia faharasa. Hapa ndipo penye kesi nyingi. Kila kitabu kinapoingia, kifaa hukipitia neno kwa neno na kutengeneza faharasa, yaani orodha ya maneno yake, ili baadaye uweze kutafuta ndani yake. Ukikimwagia vitabu 300 kwa mkupuo, na prosesa yake ni ndogo ili betri idumu, lazima kihemewe. Kwenye Kindle, tafuta neno lisilokuwepo, mfano "zzqxw", kisha chagua kutafuta ndani ya vitabu. Utaonyeshwa ambavyo bado havijapitiwa. Iache kwenye chaji usiku kucha. Ikiwa asubuhi kitabu kimoja kimekwama palepale, kifute. Faili lake bovu.

Hatua ya 4: Chunguza PDF. Maustadhi huniletea vitabu vya fiqhi vilivyoskaniwa, kila ukurasa picha nzima. Kuvigeuza kwa Calibre, programu ya kompyuta ya kubadilisha aina ya faili za vitabu, hakusaidii, maana hamna maandishi ya kugeuza. Punguza ukubwa wa picha kwenye kompyuta, la sivyo visomee kwenye simu.

Hatua ya 5: Safisha ukingo. Kobo Touch na baadhi ya za zamani hutambua kidole kwa miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inayopita juu ya skrini. Chembe ya mchanga wa Shela ikijibana pembeni, mwale hukatika, nawe ukadhani mashine imeganda. Tumia brashi laini, kavu. Maji usithubutu.

Hatua ya 6: Kurudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani kuwe kwa mwisho kabisa, ingawa mafundi wengine huanzia hapo. Vitabu ulivyonunua utavipakua tena kupitia akaunti; ulivyoingiza kwa waya vitapotea, kwa hiyo vinakili kwanza kwenye kompyuta.