Mbao za boti ya kufunika na faiba: angalia ukavu kwanza, jina la mti baadae

Watu wengi wakitaka kujenga boti ya mbao nyumbani wanauliza mbao ipi ngumu zaidi, na mi naona hapo ndo wanapotea, manake ubao ukishafunikwa na faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa rezini) unyevu uliomo hauna pa kutokea, ubao unaanza kuoza ndani kwa ndani na faiba inabanduka. Tafuta ubao wenye unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ukizidi 20 fangasi wa kuozesha washapata makazi.

Huna mita ya unyevu? Kata kipande katikati ya ubao, sio mwishoni kwa sababu ncha hukauka mapema zikakudanganya, kipime uzito, kitie kwenye oveni nyuzi joto 103 za Selsiasi hivi, uwe unakitoa na kukipima tena mpaka uzito ugome kushuka. Kama kilikuwa gramu 200 na sasa ni 180, zimetoka 20, gawa kwa 180 unapata kama asilimia 11, huo chukua.

Afu kuna mafuta. Mtiki na mvule zinasifika majini na sifa ni zao kweli, lakini mafuta yake ya asili yanafanya gundi isishike vizuri, na zilizolowekwa dawa nazo ziache. Mwaloni unatanuka na kusinyaa sana, faiba itapasuka. Kwa ubavu mi napenda seda, nyepesi na inakunjika bila ugomvi, mkuku (uti wa chini wa boti) na mataruma (mbavu zake za ndani) weka mkangazi. Nyuzi za ubao zinyooke, vinundu vilivyolegea hapana.

Ukitumia plaiwudi iwe ya marini yenye alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini, na hata hiyo usiiamini kwa muhuri tu. Chungulia kingo zake, ukiona matundu kati ya matabaka achana nayo, kisha chemsha kipande saa nzima, kiache kikauke, matabaka yakiachana hiyo sio ya kutia majini.

Rezini, yaani ile gundi ya maji inayogandisha faiba, iwe ya aina ya epoksi, aina nyingine ya polista haing'ang'anii mbao vizuri hata ukiisugua vipi. Na jamani msifunike nje tu mkasahau ndani, paka epoksi pande zote mbili, ncha za mbao mara mbili tatu maana ndo zinakunywa maji kuliko kwingine, na kila tundu la skrubu lipakwe kabla skrubu haijaingia.